Farasi wa Vita: Kutoka Kilindini hadi Kondoa, 1916

Mhadhara wa usiku wa 17 Ramadhani, baina ya Magharibi na Isha



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika usiku huu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu: usiku wa kumi na saba kwa desturi husimuliwa habari za Badr, na nyingi katika habari hizo mmezisikia tangu mkiwa chuoni. Sisi leo tumechagua kuingia katika historia kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa banda la farasi.

Waliotoka Madina kwenda Badr walikuwa watu mia tatu na ushei. Walikuwa na ngamia wapatao 70 na farasi wawili tu, mmoja wao wa al-Miqdad bin Amr (R.A.). Watu watatu walishirikiana ngamia mmoja na kupanda kwa zamu. Mtume (S.A.W.) naye alikuwa na wenzake wawili, mmoja wao Ali (R.A.), na walipomwomba aendelee kukaa juu ya mnyama, wao watembee kwa niaba yake, alikataa, akashuka zamu yake ilipokwisha. Wanazuoni huieleza habari hii kuwa ni funzo la usawa baina ya kiongozi na anaowaongoza, na ndivyo ilivyo. Lakini iko faida nyingine isiyotajwa sana: zamu ile ilimpumzisha mnyama pia. Mtu mmoja juu, wawili chini. Ngamia hakubebeshwa watu watatu kwa sababu watatu walikuwa na haraka.

Tumeitanguliza habari hii ili tuwe na mizani mkononi, kisha tuvuke karne kumi na tatu, tupime vita vilivyopiganwa katika nchi yetu wenyewe. Vita hivyo huitwa vya Wazungu, navyo ni vyao, lakini vilikanyaga mashamba ya babu zetu. Ramadhani ya mwaka 1334 Hijria iliangukia Julai 1916. Katika mwezi huo majeshi ya Waingereza yalikuwa yamesambaa kutoka Tanga, iliyotwaliwa tarehe 7, hadi Dodoma, iliyotwaliwa tarehe 29. Wengi wa waliokwenda mbele upande wa Dodoma walikuwa askari wa farasi kutoka Afrika Kusini. Tunataka kumfuata farasi mmoja wa askari hao. Hatumtaji kwa jina, kwani majina ya farasi hayakuandikwa. Tunamjenga kutokana na yale yaliyowapata wenzake wote.

Farasi huyu alizaliwa katika malisho ya uwanda wa juu wa Afrika Kusini, ambako baridi ya usiku huwapunguza wadudu na majani hayana umande mwingi wakati wa kiangazi. Alinunuliwa na serikali, akapigwa chapa ya moto kwenye kwato au ubavuni, akasafirishwa kwa gari moshi hadi bandarini na kupakiwa melini. Farasi melini hasafiri kama mbuzi au ng'ombe. Hufungwa katika kijichumba chembamba akisimama, chombo kikiyumba naye huyumba, na kwa maumbile yake hawezi kutapika, hivyo kichefuchefu cha bahari hakina pa kutokea. Aliyeanguka mara nyingi hakuinuka. Waliofika walishushwa Kilindini, Mombasa, katika joto ambalo hawakulijua, wakapandishwa gari moshi la reli ya Uganda hadi Voi, na kutoka Voi wakafuata ile reli ya kijeshi iliyokuwa imechomozwa kuelekea Maktau na Mbuyuni, mkabala na Kilimanjaro.

Kwa nini waliletwa? Jenerali Jan Smuts, aliyewasili Februari 1916 kushika uongozi wa majeshi hayo, alikuwa mtu wa farasi. Miaka kumi na tano kabla yake alipigana na Waingereza hao hao katika vita vya Makaburu, na alijifunza kwamba askari mwenye farasi humzunguka adui, humtokea nyuma, na kumaliza kazi bila kumwaga damu nyingi ya watu wake. Somo hilo lilikuwa sahihi katika nchi ilikofunzwa. Hata huko, gharama yake ilijulikana: katika vita vile vya 1899 hadi 1902 upande wa Waingereza peke yake ulipoteza farasi zaidi ya 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa uchovu na kwa kuingizwa vitani kabla hawajazoea nchi. Basi hatuwezi kusema kwamba wakuu wa 1916 hawakuwa na mfano mbele yao.

Na tuseme kitu kingine. Wazee wetu wa pwani walikuwa na ujuzi wa jambo hili kabla ya jenerali yeyote. Masultani wa Unguja walifuga farasi wa Kiarabu mjini, wakawapamba kwa matandiko ya thamani. Lakini misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, pamoja na utajiri wote uliopita katika njia ile, ilikwenda kwa miguu ya wapagazi. Wenye mali hawakukosa fedha za kununua farasi. Waliacha kwa sababu bara lina mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, na mnyama wa kupandwa akiingia katika pori lake hatoki. Mwaka 1895 daktari David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba inzi huyo ndiye anayebeba vijidudu vya maradhi ya nagana. Kwa hiyo kufikia 1916 jambo hilo lilikuwa limejulikana kwa njia zote mbili, kwa uzoefu wa wenyeji na kwa darubini ya daktari.

Sasa tumrudie farasi wetu. Machi 1916 alikuwa katika mapigano ya kuzunguka Kilimanjaro, na Moshi ikatwaliwa. Tarehe 3 Aprili kikosi cha farasi chini ya Jenerali Jacob van Deventer, watu wapatao 1,200, kiliondoka upande wa Arusha kuelekea Kondoa Irangi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Kwanza walipigania kilima cha Lolkisale, ambako palikuwa na maji. Farasi walikaa na kiu wakati wapanda wao wakipambana kwa ajili ya chemchemi. Halafu masika ikaanguka.

Ni vyema tusimame hapa, maana hapa ndipo maisha ya farasi wa vita yanapoonekana yalivyo. Picha tuliyozoea ni ya farasi anayekwenda shoti, mpanda wake ameinua upanga. Katika vita nzima siku za namna hiyo zilihesabika kwa vidole, na Afrika Mashariki karibu hazikuwapo. Siku ya kawaida ilikuwa hivi: farasi mmoja alibeba mtu, tandiko, bunduki, risasi, blanketi na chakula, mzigo wa kilo 120 na zaidi. Alitembea toka alfajiri hadi jioni katika udongo mweusi uliolowa na kushika kwato. Farasi mwenye kazi hiyo huhitaji maji lita 30 hadi 40 kwa siku na kilo kadhaa za nafaka, juu ya majani. Tumbo lake ni dogo, na hacheui kama ng'ombe. Ameumbwa ale kidogo kidogo kwa saa nyingi. Askari akimnyima saa za kula, hata akimpa gunia zima baadaye, hamfai kitu. Na magari ya chakula yalikuwa yamekwama nyuma matopeni.

Kisha mgongo. Tandiko lililolowa, blanketi lililokunjwa vibaya, mpanda aliyechoka akaegemea upande mmoja: baada ya siku mbili hupatikana kidonda chini ya tandiko, na kidonda hicho hakiponi mpaka mnyama aachwe bila kupandwa kwa wiki kadhaa. Vitani hakuna wiki kadhaa. Ndiyo maana kanuni za majeshi ya farasi zilimtaka askari ashuke kila baada ya muda, alegeze mkanda wa tandiko na kutembea akimwongoza mnyama wake. Mtu wa Hadithi atakumbuka hapa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuifanya migongo ya wanyama kuwa viti vya kukalia na kupigia mazungumzo hali safari imesimama. Kanuni ile ya kijeshi na katazo lile vimekutana mahali pamoja, ingawa moja ilitungwa ili farasi adumu kazini, na jingine lilitoka kwa yule aliyemsikia ngamia akilalamika katika bustani ya Ansari, akamwita mwenyewe na kumwambia amche Mungu katika mnyama aliyemilikishwa.

Lakini kilichowamaliza farasi wa Kondoa kilikuwa kidogo kuliko tandiko. Kilikuwa usubi, wale wadudu wadogo wa jioni ambao hata mtu hawaoni ila huhisi kuwashwa. Wakati wa mvua usubi hueneza maradhi ambayo Makaburu waliyaita maradhi ya farasi, nayo husababishwa na virusi. Siku zile hapakuwa bado na uhakika kwamba usubi ndio wenye kuyabeba. Makaburu walijua tu kwamba umande wa usiku ni hatari, hivyo waliwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama au kuwawashia moto wa moshi. Katika safari ile hapakuwa na banda. Farasi anayeambukizwa hupata homa, macho huvimba, pumzi huwa fupi. Mapafu yanajaa maji, na mwisho povu jeupe hutoka puani. Asubuhi alikula vizuri, na kabla ya jioni ya pili amelala ubavu. Katika aina kali ya maradhi hayo, katika farasi kumi huenda asipone hata mmoja.

Van Deventer aliingia Kondoa tarehe 19 Aprili. Katika wale 1,200 walioanza, waliokuwa bado juu ya matandiko walikuwa karibu nusu. Kikosi kile kilichobuniwa kumzunguka adui kwa kasi kilikaa Kondoa bila kuweza kwenda popote kwa wiki nyingi, kikila nusu ya posho, na mwezi wa Mei kikashambuliwa hapo hapo na von Lettow-Vorbeck. Kwa maneno mengine, ushindi wa Kondoa uliwaua farasi, na vifo vya farasi vikaufunga ushindi usizae tunda lake.

Waliosalia, pamoja na wapya walioletwa kuziba nafasi, waliingia katika Ramadhani ile ya Julai wakielekea Dodoma na reli ya kati, na wenzao wa upande wa mashariki wakapita Handeni na Nguru kuelekea Morogoro, iliyotwaliwa tarehe 26 Agosti. Hapo ndipo kwenye mbung'o. Nagana haiui kwa haraka. Farasi huendelea kula, huku akikonda. Ufizi hupauka, tumbo huvimba chini, jicho huingia ukungu, miguu ya nyuma hulegea. Madaktari wa mifugo waliwapa aseniki, wakijua kwamba haiponyi. Ilirefusha siku. Tunaomba mlitafakari jambo hili: mnyama alipewa sumu kidogo kidogo ili afike wiki chache zaidi za kazi, na hesabu ya wiki hizo ilifanywa mapema, kabla hajateremshwa melini. Farasi alikuwa ameingizwa katika daftari la matumizi, pamoja na mafuta na risasi. Wengine wakaletwa, nao wakaenda njia ile ile. Kabla ya mwaka kwisha, farasi na nyumbu waliokufa katika nchi yetu walikuwa wamehesabiwa kwa makumi ya elfu. Njia za majeshi zilijulikana kwa harufu, na fisi walishiba mpaka wakaacha kukimbia watu.

Hatusemi kwamba askari wale hawakuwa na huruma. Wengi walikuwa wana wa wakulima, wamelelewa pamoja na farasi, na mtu aliyelazimika kumpiga risasi mnyama aliyembeba kutoka Arusha hakulala vizuri usiku ule. Huruma ya mmoja mmoja ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa juu wa kusema kwamba amri hii, kwa mnyama huyu, katika nchi hii, haijuzu. Wanazuoni wetu wa fiqhi wameandika katika milango ya nafaka kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha, na asimbebeshe asichokiweza. Akishindwa kumlisha, hakimu ana haki ya kumlazimisha amuuze. Mnyama katika sheria ana dai. Jeshi la 1916 lilikuwa na madaktari na hospitali za mifugo, lakini halikuwa na hakimu wa namna hiyo.

Sasa tunafika pale ambapo habari ya farasi inakuwa habari yetu. Farasi na nyumbu walipokufa, mizigo haikufa. Risasi zilitakiwa ziende mbele, na unga, na dawa, na mitungi ya maji. Magari yalizama matopeni. Ikabaki njia ile ya kale ya Bagamoyo, kichwa na bega la mtu. Wapagazi walikuwapo tangu mwanzo wa vita, lakini kadiri wanyama walivyopungua ndivyo walivyochukuliwa zaidi, na mwaka 1917 wakachukuliwa kwa nguvu, kijiji kwa kijiji, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na katika nchi iliyotekwa yenyewe. Wajerumani nao walichukua wao, tena bila daftari. Upande wa Waingereza peke yake, jumla yao kwa miaka yote ya vita inakadiriwa kufikia milioni moja, na wanahistoria wengi wanaweka waliokufa karibu 100,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Mtu alibeba takriban kilo 25, akala unga wa mahindi usiosagwa vizuri ambao tumbo lake halikuuzoea, akalala mvuani. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu hata mwenye kuubeba hakuulizwa uzito wake.

Huko Ugogo, ambako farasi wa van Deventer walipita, nafaka na mifugo vilichukuliwa na pande zote mbili, na mvua zilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo wanaikumbuka mpaka leo kwa jina la Mtunya. Mtama aliokula farasi ulikuwa mtama wa mtu.

Iko mas'ala katika fiqhi ya ngawira ambayo inatusaidia hapa. Wanazuoni walio wengi, na Imamu Shafi, ambaye watu wa pwani yetu wanamfuata, miongoni mwao, wamesema mpanda farasi hupata mafungu matatu: moja lake na mawili ya farasi wake, kwa ajili ya gharama na faida ya mnyama. Abu Hanifa alimpa farasi fungu moja tu, na sababu iliyopokewa kwake ni kwamba alichukia kumfadhilisha mnyama juu ya Mwislamu. Hatuingii kupambanua nani mwenye hoja yenye nguvu. Tunatazama swali lenyewe: imamu mkubwa aliketi akafikiri namna ya kumpa mnyama haki yake bila kumshusha binadamu aliye kando yake. Katika vita vya 1916, farasi aliyekufa aliandikwa katika hesabu, kwa kuwa alikuwa mali ya serikali na alipaswa kununuliwa mwingine. Mpagazi aliyekufa njiani, mara nyingi jina lake lilipotea pamoja naye, na ujira wa wengi haukuwafikia warithi. Sisi tunaojua uzito wa deni la maiti na haki za mirathi tunalielewa hilo bila kuelezwa zaidi.

Mlioko London mtakuwa mmepita Park Lane, pembeni mwa Hyde Park. Pale, tangu 2004, pana mnara wa ukumbusho wa wanyama waliokufa vitani, kazi ya mchongaji David Backhouse: nyumbu wawili wa shaba, wamelemewa, wanapanda kuelekea mwanya katika ukuta wa mawe meupe, na ng'ambo ya ukuta yuko farasi na mbwa. Mnara huo unawakumbuka farasi, nyumbu na punda wapatao milioni nane waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakiwamo wa kwetu. Ni kazi nzuri, na hatuna la kuwalaumu walioijenga. Anayemkumbuka mnyama hamdhulumu mtu. Nairobi nako, katika sanamu za ukumbusho wa vita, yumo mpagazi amesimama pamoja na askari. Na Dar es Salaam mpagazi amebaki katika jina la soko. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao walikuwa na kambi pale. Wangapi miongoni mwetu tumenunua nazi na vitambaa pale bila kulifungua neno hilo?

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye makao yake hapa Uingereza, ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 116,000 na hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Tangu hapo kumekuwa na kazi ya kutafuta majina katika nyaraka zilizobaki. Nyaraka hazitoshi. Sehemu ya majina hayo haiko katika makabati ya Nairobi wala ya London. Iko katika vinywa vya wazee wetu, katika nasaba zinazosomwa kwenye hitima, katika kauli kama ile ya bibi kwamba fulani alikwenda Kariakoo asirudi.

Kwa hivyo kamati ya jumuiya imeweka daftari juu ya meza karibu na mlango wa kina mama, na jingine kwenye rafu ya viatu upande wa wanaume. Mwenye babu au babu mkuu aliyechukuliwa katika vita hivyo, upande wowote ule, aandike jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na lolote alilosikia kuhusu mahali alipofia. Asiyejua jina kamili aandike alijualo. Vijana wanaoandika vizuri wakae na wazee wao wawasaidie, na wenye wazee walioko nyumbani Pwani au bara wawapigie simu kabla ya kumi la mwisho. Muadhini ameshasimama; tunaomba safu zinyooshwe.